Yen Nilizozizika Dirishani

Mmeniomba niandike niliyojifunza dirishani kabla sijayasahau. Kusema kweli, aliyeomba ni meneja, ili apate kitu cha kuwapa wageni wa kazi wasome siku umeme umekatika na kompyuta zimelala. Basi someni. Vyeo sitavieleza. Vilikuwa viwili, na kila kimoja kilikuja na kiti kibovu kuliko kile nilichokiacha. Mshahara nao mnaujua, ni huu huu mnaounung'unikia.

Nitazungumza zaidi kuhusu yen. Dola haina haja ya kuelezwa, kila mtu anayeingia dukani anajiona anaijua kuliko wewe. Yen ndiyo iliyonifundisha kazi, na mwishowe ndiyo iliyoniumbua.

Nilikuja Johannesburg kutoka Kisumu, nikimfuata mume wangu aliyepata kazi ya kufundisha chuo kikuu, Braamfontein. Nilikuwa nimekaa miaka minne kwenye kaunta ya benki nyumbani, kwa hiyo nilifika nikijiona mtaalamu. Duka la kubadilisha fedha lililoniajiri lilikuwa chini ya jengo la ofisi, katikati ya watu wa kutoa kopi na mama mmoja muuza vetkoek, yale maandazi ya huku. Meneja wa wakati huo alipenda kuhutubia. Asubuhi ya kwanza alitusimamisha wapya wanne akatupa historia ya yen: kwamba Wajapani waliianzisha walipoamua kuachana na mambo ya kale, kwamba jina lake maana yake ni duara, kwamba baada ya vita kuu ilifungwa kwenye yen mia tatu na sitini kwa dola moja, na ikakaa hapo zaidi ya miaka ishirini. Na kwa nini mia tatu na sitini? Kwa sababu, alisema huku akituchorea hewani, duara lina nyuzi mia tatu na sitini.

Tuliandika yote kwenye madaftari. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba namba ile ilitokana na watu kukaa na kulinganisha bei za bidhaa, wala hakuna aliyetumia bikari. Lakini hadithi ya duara nimewasimulia wateja miaka na miaka. Walitabasamu, na mteja anayetabasamu hakuulizi kwa nini unamkata kamisheni kubwa hivyo.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Auntie Devi, mwanamke wa Lenasia aliyekuwa dirisha la pili. Yeye hakuhutubia. Alivaa kile kimpira cha kidoleni cha kuhesabia noti, akanipa noti nikiwa nimefumba macho, nikatakiwa kusema ni ya nchi gani. Yen niliikamata siku ya tatu, karatasi yake imara, haina ule ulegevu wa dola iliyozunguka mifukoni mwa watu. Alikuwa pia na kitabu kinene chenye picha za noti za nchi zote, zilizo hai na zilizokufa, na kila moja ina alama pembeni ya kuonyesha kama bado inapokelewa. Sheria yake ilikuwa kwamba usimwambie mtu neno lolote kuhusu noti usiyoishika kila siku kabla hujafungua kitabu, hata kama unajua. Akaongeza kwamba hasa kama unajua. Nilikubali kwa kichwa, nikijiambia moyoni kwamba sheria hiyo ni ya wasiotoka benki.

Jambo lililowasumbua wateja kuliko yote ni ubao. Kwenye ubao wetu dola, pauni na euro huandikwa ni randi ngapi kwa moja. Yen huandikwa kinyume, yaani randi moja inapata yen ngapi, kwa sababu yen moja ni senti kadhaa tu na watu hawapendi kusoma sifuri na nukta. Maana yake ni kwamba namba ya yen ikipanda, yen imeshuka. Jambo hili nimelieleza mara nyingi kuliko nilivyosali. Mwaka ule Kombe la Dunia la raga lilipochezwa Japani, walikuja wanaume wenye jezi za kijani, wakaona namba imeongezeka kutoka juzi, wakalalamika kwamba tumewapandishia bei. Nikawaeleza kwamba wanapata yen nyingi zaidi. Wakasema hiyo si haki. Waliporudi na kombe walileta mifuko ya sarafu, na sisi sarafu hatununui, kwa hiyo waliondoka wamekasirika mara ya pili, wakiwa mabingwa wa dunia.

Nikahamishiwa Sandton, pamoja na Auntie Devi. Huko wateja walikuwa wanashuka na lifti kutoka ghorofa za juu, wenye suti na kadi shingoni, na kila mmoja alikuwa na maelezo. Mmoja wao, ambaye mimi na Auntie Devi tulimwita Bwana Tai kwa sababu ya tai zake za hariri, alinieleza kwamba dunia ikitetemeka watu hukimbilia yen, kwa hiyo hupanda. Dunia ikatetemeka, yen ikaporomoka. Akashuka na lifti kunieleza kwamba hilo nalo lilitarajiwa. Alikuwa pia na ule mchezo wa wakubwa, wa kukopa yen Japani ambako riba ilikuwa karibu na bure, na kuziweka pesa huku Afrika Kusini ambako riba ni nene, kisha kulala usingizi. Ikafika Jumatatu moja yen ikaruka ghafla na wakopaji wote wakataka kuirudisha siku moja. Siku hiyo Bwana Tai alipita mbele ya dirisha langu bila kunisalimia, na tai ilikuwa mfukoni.

Nilicheka sana siku hiyo. Nawaambia hivi ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Kwa miaka mingi nilikaa nyuma ya kioo nikiwacheka wanaojifanya kujua.

Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa Randburg, karibu na nyumbani, na hapo ndipo dirisha langu likawa la Waswahili. Wakenya wa mabenki, Wakongo wenye saluni, Warundi wa ulinzi, wote walipanga foleni yangu hata kama madirisha mengine hayana mtu. Wengi walileta dola, na ugonjwa wa dola zetu nyinyi mliozaliwa huku hamuujui. Nairobi, Bukavu, Bujumbura, dola ya zamani yenye picha ndogo ya kichwa hakuna anayeitaka. Yenye alama ya kalamu hupunguzwa bei. Iliyochanika kidogo tu, mwenye duka anairudisha kwa ncha za vidole. Marekani kwenyewe noti hizo zote ni halali. Sisi ndio tuliojiamulia kuziua, na tunaishika sheria hiyo kuliko amri kumi. Mimi nimekua nayo. Hakuna aliyenifundisha na hakuna aliyeniuliza imeandikwa wapi.

Halafu Wajapani wakatoa noti mpya zenye sura mpya. Makao makuu wakatuletea waraka wa mistari miwili: tutanunua toleo jipya na lile lililolitangulia, matoleo mengine duka halinunui. Tukatia sahihi. Someni tena mstari wa pili kama mlivyousoma wa kwanza. Unasema duka halinunui. Hausemi kitu kingine chochote.

Miezi michache baadaye, Jumamosi kabla ya saa sita, akaja Mama Bahati. Ni fundi cherehani kutoka Bukavu, tunasali naye kanisa moja, na ndiye aliyekuwa akitushonea wote. Miaka minane alikuwa akishonea jikoni kwake, cherehani moja kwenye meza ya kulia, vitambaa juu ya friji. Sasa alikuwa amepata chumba cha duka kwenye kichochoro cha maduka nyuma ya kituo cha teksi, chenye dirisha la kioo na mahali pa kutundika jina. Mwenye jengo alitaka amana na kodi ya miezi mitatu kabla ya mwisho wa mwezi. Bila hiyo angempa mwingine.

Akatoa bahasha. Kulikuwa na mama wa Kijapani, Bi Haruko, mke wa mhandisi, ambaye Mama Bahati alimshonea vitenge miaka yote waliyokaa Sandton. Walipohama, Bi Haruko alimletea zawadi ya kuagana kwa mikono miwili, akainama. Pesa hizo zilikuwa za marehemu mama yake, aliyekuwa ameziweka kabatini miaka na miaka, kwa kuwa benki za kwao hazikulipa riba ya maana. Noti thelathini za yen elfu kumi kumi. Kwa bei ya siku ile, yen nane na kitu kwa randi, ni zaidi ya randi elfu thelathini na tano. Zilitosha chumba, na meza ya kukatia juu yake.

Nilizitazama kupitia kioo. Noti kubwa kuliko ninazozijua, mzee mwenye ndevu nyembamba ameshika kibao. Kitabu kama kile cha Auntie Devi kilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Foleni ilikuwa ya watu saba.

"Mama Bahati, pole," nikamwambia. "Hizi ni za zamani. Zimekufa."

Mtu mwingine angebisha. Mjerumani angeomba kumwona meneja. Mama Bahati hakubisha kwa sababu alinielewa kabisa. Tulitoka dunia moja, na katika dunia hiyo nilichosema kilikuwa na maana. Alizirudisha kwenye bahasha taratibu, akacheka kidogo.

"Basi njo ileile ya dola," akasema. "Kwetu ikiwa na katundu kadogo tu, banaikatala mbele ya macho yako."

Tukaulizana habari za watoto, akaondoka. Mwisho wa mwezi kile chumba kilichukuliwa na muuza vifuniko vya simu. Nilimpa pole kanisani. Nilimpa pole kwa dhati, na hilo ndilo linalonikera zaidi nikilikumbuka.

Pasaka iliyofuata, akina mama wa kwaya tukashonewa sare mpya, zambarau, zenye kola ya kusimama. Mama Bahati alifanya kazi nzuri mno. Kola zile hazikulegea hata baada ya kufuliwa mara mbili. Wake za watu wa benki walisimama mbele ya kanisa, shingo zimenyooka, mpaka mchungaji akasifu nidhamu yetu.

Nilipokaribia kustaafu, dirisha langu lilipangiwa Lerato, msichana wa Soweto mwenye maswali. Nikamrithisha yote, kuanzia kuitambua noti kwa kidole, ubao uliosimama kichwa chini, hadithi ya duara, hadi sheria ya kitabu, ambayo nilimtamkia kwa heshima zote kana kwamba nimeishi kwayo. Wiki ya mwisho nikamweleza yen za zamani zimekufa. Akauliza zilikufa mwaka gani. Nikasema zamani. Akafungua kitabu, maana ndivyo nilivyomfundisha. Alitafuta kidogo, kisha akanigeuzia ukurasa. Yule mzee mwenye ndevu na kibao alikuwa pale, na pembeni yake alama ndogo ya noti hai. Benki kuu ya Japani bado inazipokea noti hizo, kwa thamani kamili. Kwao noti haifi kwa kuzeeka.

"Eish, Auntie," alisema Lerato, akaenda kutengeneza chai. Nilishukuru kwa adabu yake.

Ijumaa walinikatia keki. Meneja alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote kasha langu halikuwahi kuzidi wala kupungua, kwamba rekodi za duka hazioneshi kosa langu hata moja. Alikuwa anasema kweli. Kosa langu halikupita kwenye kasha. Lilipita kwenye kioo, mdomoni, kwa Kiswahili, na kompyuta haina mahali pa kuliandika. Nilikula keki. Nilirudia hata kipande cha pili, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Bahati. Cherehani ilikuwa palepale mezani. Nilimwambia kabla sijakaa, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka. Nikasema nilikosea, yen zako zilikuwa nzima siku ile na ni nzima leo, ziko wapi?

Aliacha kukanyaga cherehani. Akanitazama shingoni. Nilikuwa nimevaa sare, kwa sababu tulikuwa na mazoezi mchana ule.

Kile kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola, alinieleza, kilimwishia wiki ya Pasaka, na madukani hakikuwepo. Akakumbuka bahasha. Karatasi ilikuwa nzuri, haipasuki, haikunjiki ovyo. Ukiikunja noti mara moja kwa urefu unapata upana wa kola, na noti mbili zikifuatana zinazunguka shingo ya mtu mzima. Sare kumi na tano, noti thelathini. Hakubaki na hata moja. Alizipunguza pembe tu ili kola ikae vizuri mbele.

Kwa hiyo tangu Pasaka nilikuwa nikimsifu Mungu na yen elfu ishirini shingoni. Nilitaka kucheka, na ninaamini siku nyingine tungecheka wote wawili. Yeye hakucheka.

"Weye ulisema zilikufa," akasema polepole. "Mi sikuuliza muntu mwengine. Juu ni weye ulisema."

Nilivua sare yangu palepale, akaifumua kola kwa wembe. Yule mzee wa Kijapani akatoka amefifia kidogo kwa sabuni, pembe mbili hana, lakini mzima. Kwa noti zilizoharibika, kitabu kinasema, Japani hulipa thamani yote ikiwa theluthi mbili za noti zimebaki. Hapa zilibaki karibu zote.

Jumapili nikasimama kanisani wakati wa matangazo. Nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi na mbele ya jambazi mmoja mwenye bastola, na siku zote mbili ilikuwa rahisi zaidi. Nikaeleza kwamba nilimpotosha dada yetu kwa sababu niliona aibu kufungua kitabu mbele ya foleni. Nikawaomba akina mama walete sare zao. Wengi walizileta jioni ileile. Mmoja alisema kola yake italegea na harusi ya mpwa wake iko karibu. Mwingine, mke wa mkubwa wa benki, alitaka risiti. Wawili waliuliza kama noti iliyokaa kwenye kola yako miezi yote hiyo si yako kidogo. Nilizungukia nyumba zao moja moja, Randburg hadi Sandton, hadi noti zikatimia thelathini.

Sasa mnajua kwamba dirisha letu lisingezipokea, na Lerato aliniambia hivyo kwa maneno sahihi: sisi hatuzinunui hapa, Auntie, lakini Japani zinapokelewa. Sentensi hiyo ni fupi. Mimi ingenichukua muda uleule niliotumia kusema ile yangu. Mama Bahati akampigia Bi Haruko simu, naye akasema atazipeleka mwenyewe benki kuu akiletewa. Kuna mwalimu wa Braamfontein, mwenzake mume wangu, anayesafiri kwenda Tokyo mwakani, ndiye atakayezibeba.

Mwakani si mwisho wa mwezi. Ubao ulikuwa umefika yen tisa na ushee, yaani zawadi ya Mama Bahati ilikuwa imepungua kwa maelfu ya randi tangu siku nilipoizika. Na kichochoro kilekile kilikuwa na chumba kingine kilichoachwa, kidogo kuliko kile cha kwanza, karibu na vyoo. Sheria hairuhusu mimi na yeye kuuziana fedha za kigeni nje ya dirisha lenye leseni, nami nimewakaririsha sheria hiyo nyinyi wote. Kwa hiyo sikuzinunua yen zake. Ni zake, zitakwenda Japani kwa jina lake. Nilichofanya ni kuchukua sehemu ya mafao yangu, kwa hesabu ya bei ya Jumamosi ile ya kwanza, nikampelekea kwa randi taslimu. Siku yen zitakapolipwa ataamua mwenyewe kama kuna cha kunirudishia.

Mume wangu alisema ningeweza kutuma kwa simu. Nikamwambia hili haliendi kwa simu.

Ilikuwa asubuhi, jua limeingia jikoni. Niliweka bahasha mezani, karibu na cherehani. Nilitarajia atasema asante, au atalia, au angalau ataniuliza kama nimekunywa chai. Mama Bahati alifungua bahasha, akachukua noti ya kwanza, akaenda nayo dirishani. Akaiinua kwenye mwanga. Akaigeuza. Akaikwaruza kwa ukucha, akaiweka upande wa kulia wa meza, akarudi kuchukua ya pili.

Alifanya hivyo kwa zote. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikasubiri, mikono magotini. Alipofika katikati akasita na noti moja ya randi mia mbili. Mimi niliitazama kutoka pale nilipokaa na nilijua kwa hakika haina kasoro yoyote.

"Hii hapana," akasema.

Nilifungua mkoba wangu, nikampa nyingine.